Sayansi, roho na asubuhi ya mstaafu: je, ninajidanganya?

Mwalimu wa Fizikia (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nilifundisha fizikia kwa miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nistaafu. Uzi huu umetokana na swali la mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo ni mhandisi na baba wa watoto, aliyenipigia simu kunijulia hali. Aliposikia kwamba siku hizi ninaamka kabla ya mapambazuko na kukaa saa nzima katika sala na ukimya, alicheka kidogo kisha akaniuliza: "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba jambo lisilopimika tusiliandike kwenye ripoti ya jaribio?" Nilimjibu kwa mzaha, tukaagana, lakini swali halikuagana nami.

Nianze na kustaafu kwenyewe, kwa sababu bila hapo sala yangu haitaeleweka. Mwaka 1976 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Atchley, alieleza vipindi ambavyo wastaafu wengi huvipitia: kwanza fungate, ambapo mtu huufurahia uhuru wake kama mtoto aliyefunga shule, kisha kuvunjika moyo, pale uhuru ule ule unapogeuka kuwa uwanja mtupu, halafu kujipanga upya, na hatimaye utulivu. Si kila mtu hupita kote huko, na wapo wanaoruka kipindi kimoja au kukirudia. Mimi fungate yangu ilidumu miezi saba. Nilikarabati kila kilicholegea nyumbani, nikasoma vitabu nilivyoviahirisha kwa miaka, nikalala mchana bila kuona haya. Mwezi wa nane nikajikuta saa moja asubuhi nimekaa kitini, nimevaa viatu vya kazini, sina pa kwenda. Hakuna aliyekuwa amenikosea. Mafao nilikuwa nimelipwa, afya ilikuwa ya kuridhisha, watoto walikuwa wananijali. Nilichokikosa ni kengele, yaani sauti ya nje yangu inayosema kwamba sasa hivi kuna watu wanakusubiri.

Fizikia haikunisaidia hapo, na nisingeitendea haki kama ningeidai msaada huo. Inaweza kunieleza kwamba mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwamba nuru ya nyota fulani ninayoitazama leo iliondoka huko kabla sijazaliwa, lakini haiwezi kuniambia asubuhi ya Jumanne niifanyie nini. Nilirudi katika sala niliyofundishwa utotoni. Sikurudi kwa sababu nilikuwa nimepata ushahidi mpya juu ya Mungu. Nilirudi kwa sababu ilikuwa na saa yake, na saa hiyo ilinihitaji. Imani yenyewe ilinikuta nikiwa tayari nimeshakaa.

Katika kulitafakari swali la mwanafunzi wangu nimekuwa nikimkumbuka Georges Lemaître, padre wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji ambaye pia alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, na baadaye akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika hali moja iliyosongamana mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoonekana kuichukua nadharia hiyo kuwa ushahidi wa uumbaji. Mtu angetarajia padre afurahi. Lemaître hakufurahi hata kidogo. Alishikilia kwamba nadharia yake inasimama au inaanguka kwa vipimo vya wanafalaki, na kwamba muumini na asiyeamini wanaweza kuitumia sawasawa. Alifariki Juni 1966, muda mfupi baada ya kupata habari kwamba mabaki ya mnururisho, yaani mionzi, wa mwanzo ule yamegunduliwa. Mtu huyu alisali kila siku na alipiga hesabu kila siku, na hakuruhusu kimoja kati ya hivyo kimwandikie mwenzake barua ya utambulisho.

Hoja yangu basi ni kwamba mambo ya roho hayahitaji cheti kutoka maabara, na kwamba mstaafu anayekitafuta cheti hicho anapoteza muda ambao hana mwingi. Nakaribisha kupingwa.

Mtakwimu

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa uzi uliotulia. Mimi nimebakiza miaka miwili kustaafu, kwa hiyo nasoma nikiwa na maslahi binafsi. Nakubaliana nawe kwamba cheti hakihitajiki, lakini tusisahau kwamba vyeti hivyo vinatolewa kila siku, tena kwa fujo. Kila wiki natumiwa ujumbe unaodai kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya maombi. Naomba tuangalie kilichopo.

Upo utafiti mzuri uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia wauguzi wanawake 74,534 nchini Marekani tangu 1996 hadi 2012. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 katika kipindi hicho, wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Watafiti walijitahidi kuondoa athari ya uvutaji sigara, magonjwa waliyokuwa nayo awali na mengine mengi, maana ni dhahiri kwamba mgonjwa wa kitandani hawezi kwenda ibadani, na hilo peke yake linaweza kuzipotosha takwimu. Hata hivyo huo unabaki kuwa utafiti wa kutazama. Haukuwapanga watu kwa bahati nasibu, nusu waende ibadani na nusu wabaki nyumbani, na sidhani kama kuna mtu angekubali kupangwa hivyo. Isitoshe, kilichopimwa ni kuhudhuria, na anayehudhuria anakutana na watu, anaulizwa hali, na asipoonekana wiki mbili kuna mtu atabisha hodi kwake.

Pale ambapo bahati nasibu ilitumika kweli, matokeo yalikuwa mengine. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Baadhi ya wagonjwa waliombewa na watu wasiowafahamu. Miongoni mwa wale ambao hawakujua kama wanaombewa au la, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na asilimia 51 kwa ambao hawakuombewa, yaani hakuna tofauti. Miongoni mwa walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, waliopata matatizo walikuwa asilimia 59.

Kwangu mimi, furaha ya uzeeni ina maelezo ya karibu zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ambao hatimaye uliwafuatilia wanaume 724 kwa maisha yao yote, uligundua kwamba waliokuwa wameridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80, na kwamba kipimo hicho kilibashiri vizuri kuliko kiwango chao cha lehemu katika damu. Hapo hakuna mbingu iliyohitajika, Mwalimu. Walihitajika watu.

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba ndugu Mtakwimu. Jaribio la Benson nalifahamu, na ninalipenda kwa sababu ambayo huenda ikakushangaza. Limewaondolea waumini mzigo wa kuigeuza sala kuwa kidonge. Ukiwapanga watu wawaombee wasiowajua, kwa maneno waliyoandikiwa, ili tuone kama vidonda vitakauka mapema, utakuwa umepima jambo fulani, lakini jambo hilo silo ninalolifanya mimi alfajiri. Sijawahi kusali ili shinikizo la damu lishuke, ingawa likishuka sitalalamika.

Kuhusu watu, nakubali na ninaongeza swali moja. Wale watu wanakutana kwa ajili gani? Ukiondoa kile kinachowaleta pamoja ukawaambia wakutane tu kwa faida ya mishipa yao ya moyo, sina hakika kwamba watarudi wiki ya tatu.

Muuguzi Mstaafu

Mwalimu wangu na ndugu Mtakwimu, ninyi mnasoma tafiti. Mimi katika zile zama zangu wodini niliwasoma watu. Nilifanya kazi hospitalini miaka 31, mingi ya hiyo katika wodi ya wazee, na kwa kuwa jukwaa hili linaruhusu ukweli nitausema. Niliwaona wacha Mungu waliokufa kwa hofu kubwa, na niliwaona wasioamini chochote walioondoka wakiwa wametulia kama mtu anayerudisha kitabu alichokiazima. Kinyume chake pia nilikiona. Nilichokuja kukigundua ni kwamba waliokuwa na shida zaidi walikuwa wale waliokuwa bado wanajiita kwa vyeo vyao. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa idara alikuwa akikataa dawa hadi aitwe "Mkurugenzi". Tulimwita hivyo, akanywa dawa, lakini usiku alikuwa analia.

Mimi si mtu wa sala, na nasema hivi bila kumkejeli anayesali. Nilipostaafu nilipata uwanja mtupu ule ule anaousema Mwalimu, tena kwangu ulikuja mapema, wiki ya tatu tu. Wodini kila dakika mtu alinihitaji. Nyumbani hata paka alikuwa anajitegemea. Nilikumbuka jaribio tulilosimuliwa chuoni, la Ellen Langer na Judith Rodin, lililochapishwa mwaka 1976. Katika nyumba moja ya wazee, kundi moja liliambiwa kwamba mambo yao yako mikononi mwao, wakachagua mmea wa kuutunza wenyewe. Kundi lingine lilipewa mimea pia, lakini likaambiwa kwamba wauguzi wataimwagilia. Baada ya majuma matatu wale waliobeba jukumu walikuwa wachangamfu zaidi. Kundi lilikuwa dogo, na najua Mtakwimu ataliandama kwa hilo, lakini nilipokaa na mimea yangu mitano niliielewa maana yake: kitu kinachoweza kunyauka kwa sababu yako kinakurudisha miongoni mwa walio hai.

Halafu nikaanza kutembea. Kuna utafiti wa mwaka 2020 wa Virginia Sturm na wenzake, ambao uliwataka wazee watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki nane. Kundi moja lilitembea kawaida, kundi jingine liliambiwa litafute kila mara jambo la kulistaajabia, liwe jani au anga. Wote walijipiga picha njiani. Kadiri wiki zilivyokwenda, wale wa kustaajabu walionekana wadogo zaidi ndani ya picha zao wenyewe, mandhari ikichukua nafasi kubwa, na tabasamu zao zikawa pana zaidi. Niliposoma hapo nilikaa kimya muda mrefu. Mkurugenzi wetu yule maskini hakuna aliyemfundisha kuwa mdogo kwa raha.

Kama hilo mnaliita roho, basi nami nina roho. Kama mnaliita saikolojia, sitagombana.

Kijana wa Maabara

Shikamooni wazee wangu. Mimi bado niko mbali na kustaafu, ila ninasomea mfumo wa neva, na ninavyoona mjadala huu unakwepa swali la msingi. Tayari kuna picha za ubongo wa watu wakiwa katika sala. Andrew Newberg aliwapiga picha watawa wa Kifransisko na Wabudha waliobobea katika tafakuri, akaona mabadiliko katika sehemu za ubongo zinazohusika na umakini na zile zinazotupa hisia ya mipaka ya mwili wetu. Mwaka 2006 Mario Beauregard na mwenzake waliwapima watawa 15 wa Kikarmeli wakati wakikumbuka tukio lao la kina zaidi la kuungana na Mungu, na hawakuona sehemu moja inayoweza kuitwa makao ya Mungu, bali sehemu nyingi zilizofanya kazi kwa pamoja. Je, si kusema basi kwamba utulivu wa Mwalimu ni kazi ya ubongo wake tu?

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba mwanangu. Neno "tu" katika sentensi yako ya mwisho limebeba mzigo ambao vipimo havikulipa. Nikiutazama mti, ubongo wangu unafanya kazi, na ukinipiga picha utaiona kazi hiyo. Picha yako haitaniambia kwamba mti haupo. Na kwa haki ile ile, nikiota mti picha itafanana kwa kiasi fulani, kwa hiyo haitaniambia kwamba mti upo. Swali la mti linajibiwa kwa kwenda kuugusa. Swali la Mungu halina njia nyepesi namna hiyo, nami siwezi kukudanganya kwamba ninayo. Ninachoweza kusema ni kwamba utulivu wangu una ubongo ndani yake, kama ambavyo upendo wako kwa mama yako una ubongo ndani yake, na sijawahi kumwona mtu aliyempenda mama yake pungufu baada ya kulijua hilo.

Mstaafu wa Reli

Nimesoma kwa heshima yote, lakini naomba kuvuruga kidogo. Mnaongea ya roho kama watu walioshiba. Mimi nilistaafu, nikasubiri kiinua mgongo kwa miezi kumi na minne, na katika miezi hiyo kila niliyemweleza shida yangu alinishauri nishukuru na nitafakari. Sikuhitaji tafakuri, nilihitaji jalada langu lipatikane. Nikiwa kwenye foleni ya ofisi hiyo nilimsikia mzee mwenzangu akisema kwamba uvumilivu ni ibada, na karani akaitikia haraka sana. Kuna watu wanaopenda sana wastaafu wenye imani, kwa sababu hawapigi kelele.

Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na ni mwaka 1916 uliposhushwa hadi 65. Wengi hawakuwa wanafika huko, na waliofika hawakukaa sana. Leo mtu anaweza kustaafu akaishi miaka 20 na zaidi. Miaka hiyo inataka fedha, matibabu na mahali pa kulala kabla haijataka maana.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu yangu wa Reli, nimekusoma mara mbili na nimeona haya, kwa sababu sentensi yangu ya mwanzo ilisema kwamba mafao nilikuwa nimelipwa, nikaipita kana kwamba ni jambo dogo. Nakubali yote uliyoyasema isipokuwa neno moja, "kabla". Miezi ile kumi na minne uliishi pia, na nadhani kuna kitu kilichokushika usianguke. Kama hutaki kukitaja hapa, nitaelewa.

Mstaafu wa Reli

Hasira, Mwalimu. Na mke wangu, aliyekuwa akiniandalia faili la nakala kila Jumatatu bila kuchoka. Yeye anasali. Mimi nilikuwa nabeba faili.

Mtakwimu

Uzi huu umenitoa kwenye msimamo kidogo, na ni vyema nikiri hadharani. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amekuwa akionyesha kwa miaka mingi kwamba watu wanapouona muda uliobaki kuwa mfupi, hupunguza malengo ya kujikusanyia maarifa na mawasiliano mapya, wakachagua yale yenye uzito moyoni: watu wachache wa karibu, shughuli yenye maana, amani. Ndiyo sababu moja inayotolewa kueleza kwa nini wazee wengi, kinyume na matarajio ya vijana, hawana huzuni kubwa kuliko wao. Nimekuwa nikilinukuu hilo kwa miaka mingi kama matokeo ya kitaaluma. Wiki hii, baada ya kusoma habari za mke wa ndugu yetu wa Reli, nilijaribu kuorodhesha watu wangu wachache wa karibu, nikakuta wanne kati ya sita ninawafahamu kwa sababu ya kazi na huenda nikawapoteza siku nitakayokabidhi ufunguo wa ofisi. Takwimu ile ilikuwa inanihusu muda wote.

Kwa hiyo naomba nimuulize Mwalimu swali la vitendo, maana muda wangu ni miaka miwili. Mtu asiye na imani, na asiyependa kujifanya anayo, aanzie wapi?

Muuguzi Mstaafu

Kabla Mwalimu hajajibu, ndugu Mtakwimu: anza na wale wawili waliobaki.

Mwalimu wa Fizikia

Dada Muuguzi amenitangulia, na amejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu. Nitaongeza dogo tu, kwamba usisubiri siku ya kustaafu ndipo ujizoeze ukimya. Nilidhani ukimya ni kitu cha bure ambacho kitanijia chenyewe kazi ikiisha. Kumbe ni ufundi kama ufundi mwingine, na nilikuwa nikiuanza nikiwa na miaka 60, vidole vimeshakakamaa. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nikikaa na kupanga ratiba ya vipindi ambavyo sitavifundisha tena. Huna haja ya kuuita sala. Kaa tu bila kazi mkononi kwa dakika chache, uone ni nani aliyebaki.

Mwanafunzi wangu nilimwandikia jana. Nilimweleza kwamba kanuni ile ya ripoti ya jaribio bado ninaishika, na kwamba sijaiandika sala yangu katika ripoti yoyote. Ila maisha yangu mengi, pamoja na sababu iliyonifanya niamke kwa miaka 34 kwenda kumfundisha yeye, hayakuwahi kuwa ndani ya ripoti. Amejibu kwa mstari mmoja: "Mwalimu, hilo si jibu, umeniongezea swali." Nimemrudishia kwa maneno niliyokuwa nikiyaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari lake, kwamba alama zitatolewa akionyesha njia aliyotumia, na ameahidi kuja mwenyewe Jumamosi.